Programu yetu ya ujumbe inafungwa, mwenye kampuni kakubali tuachie msimbo. Tuanzie wapi?

binti_seva

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mawazo ya yeyote aliyewahi kupita njia hii.

Tangu 2016 naandika programu ya kutumiana ujumbe wa papo hapo. Tulianza watatu, sasa nimebaki mwenyewe. Ina sehemu tatu: seva, programu ya kompyuta na programu ya simu za Android. Waliojiandikisha ni 1,900 na ushee, ila wanaoingia kila siku hawazidi mia tatu. Wachache, lakini ni wenye mapenzi nayo: ukihamisha kitufe kimoja wanakuandikia usiku huohuo.

Kampuni imeona haileti faida na baada ya miezi mitatu seva inazimwa. Nilipomwomba mwenye kampuni tuifanye programu huria, yaani msimbo wake uwe wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Chukueni, ila jina libaki langu." Ndiyo ruhusa yote niliyo nayo. Ya mdomo.

Sasa maswali. Leseni ipi? Niachie historia nzima ya Git (kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo) au nianze na nakala ya leo tu? Seva ikae wapi? Na lililo kubwa kuliko yote, nawapataje watu wa kusaidiana nao? Sitaki kuandika "jumuiya" kwenye ukurasa wa mbele halafu jumuiya yenyewe ni mimi na kikombe changu.

Halafu kuna aibu. Msimbo ni mchafu. Yamo maoni tuliyoyaandika saa nane usiku tukimtukana mteja kwa jina lake. Ipo fanksheni inaitwa usiguse_hapa, niliiandika kwa mikono yangu, na leo sijui inafanya nini. Niliwahi kuigusa mara moja, ujumbe ukaanza kufika mara mbili mbili. Nikairudisha haraka na sijaikaribia tena.

haraka_haraka

Weka leseni ya MIT, pandisha mtandaoni, kazi imekwisha. Usijitese bure dada. Watu wakiipenda watakuja wenyewe.

mlinzi_wa_zamu

Mkuu haraka_haraka, mimi nilifanya hivyohivyo mwaka 2013 na kiprogramu changu cha gumzo. Nilipandisha msimbo Ijumaa jioni, nikakesha wikendi nzima nikingoja wageni. Miezi kumi na moja ilipita bila kiraka hata kimoja, yaani rekebisho la msimbo kutoka kwa mtu wa nje. Makosa yalikuwa yangu karibu yote, kwa hiyo dada nitakusimulia nilikojikwaa, wewe upite pembeni.

Anza na hiyo ruhusa ya mdomo. Igeuze maandishi wiki hii, mwenye kampuni akiwa bado ana moyo mkunjufu. Iseme ni msimbo upi, wa mpaka tarehe ipi, unatolewa kwa leseni gani, na nani ametia saini. Wale wenzako wawili watafute. Aliyeandika akiwa mwajiriwa, kwa kawaida haki ni ya mwajiri, lakini kama kuna aliyefanya kama kibarua wa muda, huenda haki bado iko mkononi mwake mpaka aandike vinginevyo. Na usiishie kwenye msimbo. Mimi nilinaswa na mlio. Ule mlio wa "ting" ujumbe unapoingia, mwenzangu aliutoa kwenye mkusanyo wa sauti za kununua, na masharti yake yalikataza kuugawa upya. Ilibidi nirekodi mwingine kwa kijiko na glasi jikoni kwangu, na ndio unaolia mpaka leo. Pitia fonti, ikoni, emoji, picha ya kufungulia, kila kitu.

Wala si tatizo la sisi wadogo tu. Netscape walitangaza Januari 1998 kwamba wataachia msimbo wa kivinjari chao, ukatoka tarehe 31 Machi mwaka huohuo. Katikati hapo walikuwa wakitoa vipande vya kampuni nyingine ambavyo hawakuwa na haki ya kuvigawa, pamoja na usimbaji fiche (kuficha data isisomwe na wengine), ambao wakati ule ulibanwa na sheria za Marekani za kuuza bidhaa nje. Kilichofika kwa watu kilikuwa na matundu mengi. Mozilla 1.0 ilitoka Juni 2002, yaani miaka minne baadaye. Na maoni ya matusi walikuwa nayo pia, wakayafagia kabla ya kufungua mlango. Hiyo aibu yako ina wenzake.

Sasa historia ya Git. Hapa niliungua vibaya. Faili langu la mipangilio lilikuwa na ufunguo wa huduma ya arifa za simu na nywila ya hifadhidata. Nililiona siku ileile ya kufungua, nikalifuta, nikaandika komiti (badiliko lililowekwa kwenye Git) yenye maneno "usafi mdogo", nikalala. Kesho yake nikakuta barua pepe ya mstari mmoja kutoka kwa mtu nisiyemjua: herufi nane za mwanzo za nywila yangu na alama ya kuuliza. Basi. Alikuwa muungwana, angeweza kukaa kimya akaingia. Kufuta faili kwenye komiti ya leo hakuliondoi kwenye komiti za jana, na kila anayenakili mradi anabeba zote. Kwa hiyo kwanza badilisha funguo na nywila zote kwenye seva, hata zile unazoapa kwamba hazimo. Ndipo usafishe historia kwa zana ya git filter-repo. Ndipo upandishe. Ukigeuza mpangilio huo, unafua nguo huku umezivaa.

Lakini historia yenyewe usiitupe! Siku mgeni akiuliza usiguse_hapa ni ya nini, jibu litakuwa kwenye komiti ya siku uliyoiandika, kwenye mafaili yaliyoguswa pamoja nayo. Ukipandisha komiti moja nene inayoitwa "mwanzo", umemzika shahidi.

Jina. Mshukuru bosi wako kwa kukunyima, tena mapema. Mwaka 1998 Mark Spencer alianza programu huria iliyoingia kwenye mtandao wa ujumbe wa AIM wa kampuni ya AOL, na jina lake likabeba herufi hizo za AIM ndani: Gaim. Ikapendwa, ikajifunza na itifaki nyingine (kanuni za programu kuzungumziana), huku mgogoro wa alama ya biashara na AOL ukiwaandama. Mwisho wakapatana, na mwaka 2007 Gaim ikaitwa Pidgin. Maktaba yake ya ndani (msimbo ambao programu nyingine nazo huutumia), libgaim, nayo ikawa libpurple, na kila aliyeitegemea, kama Adium ya kwenye Mac, ikabidi afuate. Hebu fikiria kazi ya kubadilisha jina kwenye kila faili na kila mwongozo wa watu wengine baada ya miaka tisa. Wewe utaifanya leo, ukiwa mmoja, kwa jioni mbili.

Kuhusu seva: programu ya kuandikia nyaraka ukiwa nayo peke yako inakutosha. Ya ujumbe ukiwa peke yako unajisalimia mwenyewe. Telegram wameachia msimbo wa programu zao za simu na kompyuta, ila wa seva hawajauachia. Unaweza kuziremba upendavyo, ila siku wakizima huko kwao umebaki na kioo kitupu. Kwako mwenye seva anazima kwa tarehe inayojulikana, kwa hiyo seva ndiyo mradi. Hizo nyingine ni madirisha yake. Hakikisha mtu wa kawaida anayejua kidogo Linux anaweza kuisimamisha yake nyumbani au kwenye mashine ya kukodi, na kwamba watu wa seva mbili tofauti wana njia ya kuongea. Hilo la pili likishindikana mwaka huu, sawa, lakini liandike wazi kwamba halipo.

Mfano wa kukutia moyo: Zulip. Ilianza 2012 kama programu ya ujumbe ya kampuni changa, Dropbox wakainunua 2014, ikakaa kabatini kwa muda, kisha Septemba 2015 msimbo ukaachiwa kwa leseni ya Apache 2.0. Waliofuatia hawakungoja watu waipende. Waliandika miongozo ya wachangiaji mirefu kuliko ya miradi mingi niliyoiona, wakahangaika mpaka mgeni aweze kuiwasha kwenye mashine yake bila kumuuliza mtu. Mpaka leo ipo na inapata viraka.

Na hapo ndipo penye kazi kweli. Baada ya ile miezi kumi na moja ya ukimya nilimwomba rafiki aje na kompyuta tupu, isiyo na kitu changu hata kimoja. Nikampa anwani ya mradi, nikakaa nyuma yake na karatasi, nikajikataza kusema. Ilichukua saa nne. Niliandika hatua 17 nilizokuwa nikizifanya bila kujua kwamba nazifanya. Kuna folda ambayo programu iliitaka iwepo, nami niliiumba kwa mkono miaka mitatu nyuma nikasahau. Kuna maktaba iliyofanya kazi kwa toleo la zamani tu. Kuna bandari (mlango wa mtandao) niliyoifungua kwenye ukuta wa moto wa nyumbani kwangu, haikutajwa popote duniani. Yule rafiki alikuwa mvumilivu kwa sababu nilimwahidi chakula. Mgeni wa mtandaoni hujamwahidi kitu, anaondoka dakika ya ishirini na hakuambii kwamba alikuja.

Baada ya pale niliandika skripti moja. Unaiendesha, inasimamisha seva ndogo yenye watumiaji wawili wa kubuni na madirisha mawili, moja linatuma "habari" kwa lingine, nalo linajibu "nzuri". Ukiona "nzuri" imetokea, umeshaingia kwenye mradi. Wiki tatu baadaye kiraka cha kwanza kikaja.

Na hicho kiraka cha kwanza nikakiharibu pia. Kilikuwa kimerekebisha herufi moja kwenye menyu. Nikakiona kidogo mno, nikasema nitakishughulikia mwisho wa mwezi, nikajibu baada ya wiki sita. Mwenyewe alishaondoka. Cha pili kilikuwa kizito: jamaa alitengeneza maandishi ya kutoka kulia kwenda kushoto, maana kiashiria kilikuwa kinarukaruka ukichanganya Kiarabu na tarakimu. Kazi nzuri, ila haikuandikwa kwa mtindo wangu. Usiku nikaiandika upya yote, nikaingiza kwa jina langu, nikamwandikia ahsante. Nilimshukuru kwa kumnyang'anya. Hakurudi, na sikumlaumu.

Mtu akileta kiraka, mjibu ndani ya siku mbili hata kama jibu ni "nimekiona, nitakisoma Jumamosi". Kikiwa na kasoro mwambie kasoro, mwache arekebishe yeye. Mtindo usioupenda unavumilika. Jina lake liingie.

karani_wa_leseni

Mlinzi kamaliza mengi, mimi nachukua leseni, maana MIT kwa kila kitu ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala.

MIT na Apache 2.0 zinamruhusu yeyote kuchukua, kubadilisha na kuuza bila kukurudishia kitu, ilimradi abakize tamko la hakimiliki na leseni. Apache inaongeza kifungu cha hataza (haki za uvumbuzi), ambacho mimi nakipenda. GPL inasema anayempa mtu programu ampe na msimbo wake. Sasa tega sikio hapa dada: seva haigawiwi kwa watu, inaendeshwa tu. Mtu anaweza kuchukua seva yako yenye GPL, akaiboresha, akafungua huduma ya kulipia, asikupe hata mstari, na hajavunja sharti lolote. Pengo hilo ndilo AGPL toleo la 3 iliyotoka Novemba 2007 ililiziba: ukiibadilisha ukaiendesha, wanaoitumia kupitia mtandao wana haki ya kupata msimbo wa mabadiliko yako. Seva ya Signal iko chini ya AGPL. Synapse, seva inayotumika sana kwenye Matrix (mtandao huria wa ujumbe), ilikaa Apache kwa miaka mingi, na mwishoni mwa 2023 kampuni ya Element ikaihamishia AGPL, ikilalamika kwamba kuna wanaovuna pakubwa bila kuchangia gharama za shamba.

Kwa programu ya simu, jiulize kama siku moja mtataka na ya iPhone. GPL na masharti ya duka la Apple vimeshagombana. VLC, programu ya kuchezea video, iliondolewa humo Januari 2011 baada ya mmoja wa waandishi wake kupinga, ikarudi 2013. Ili kubadilisha leseni ya sehemu kubwa ya msimbo wao walilazimika kuwatafuta wachangiaji mmoja baada ya mwingine wakiomba idhini. Wewe sasa hivi wa kuwaomba ni watatu tu. Baada ya miaka mitano watakuwa themanini, na wengine hawajibu tena barua pepe.

Angalia na maktaba mnazozitumia. Apache 2.0 haikai pamoja na GPL ya toleo la 2 pekee, inakaa na la 3.

Wachangiaji usiwatake wakukabidhi haki zao, wengi wataona unajiandalia njia ya kufunga mlango baadaye. Tamko la kutia jina kwenye kila komiti, "hii ni kazi yangu na nina haki ya kuitoa", kama watu wa Linux wanavyofanya tangu 2004, linatosha kwa mradi wa ukubwa huo.

Mimi ningesema seva AGPL 3, programu za mtumiaji Apache 2.0. Si mwanasheria, nimekaa tu na karatasi hizi muda mrefu kuliko ilivyo afya.

mzee_wa_irc

Nauliza swali la kizee, msinikasirikie. Kwa nini iishi?

Niko kwenye gumzo za mtandao tangu vijana wengi humu hawajazaliwa. IRC ilianzishwa 1988 na Jarkko Oikarinen kule Oulu, Finland, na jana usiku nilikuwa humo. AIM ya AOL ilizimwa tarehe 15 Desemba 2017. Yahoo Messenger, 17 Julai 2018. ICQ iliyoanza 1996 ilizimwa 26 Juni 2024. Hizo zilikuwa na mamilioni ya watu na fedha nyuma yake. IRC haikuwahi kuwa na mmoja wa kuizima, ndiyo maana ipo. Itifaki yake iko wazi, kila mwenye seva ni bwana wa seva yake.

Jeremie Miller alipotangaza Jabber, mfumo huria wa ujumbe, Januari 1999, shabaha ilikuwa hiyohiyo. Ikawa XMPP, ikaandikwa kama kiwango, RFC 3920 mwaka 2004, ikapigwa msasa kuwa RFC 6120 mwaka 2011. Matrix nayo ipo tangu 2014. Sasa wewe una itifaki ya kwako, ya watu mia tatu. Ukiachia msimbo na itifaki haijaandikwa popote, umeachia fumbo. Mimi ningetupa seva, nikabakiza sura ya programu ambayo hao mia tatu wanaipenda, nikaiunganisha na XMPP. Seva za huko zipo, zimeiva, zinatunzwa na wengine. Mojawapo, ejabberd, inaendelea tangu 2002.

binti_seva

Shikamoo mzee. Swali lako limeninyima usingizi, kwa hiyo najibu.

Itifaki ina jambo moja ambalo watumiaji wanaliganda: foleni. Ukiandika ukiwa huna mtandao, ujumbe unakaa kwenye simu, na mtandao ukirudi unaingia mahali pake kwa mpangilio ambao kila mtu kwenye kundi anauona sawasawa. Hakuna jibu linalotangulia swali. Wengi wao wanafanya kazi ambako mtandao unakatika kila saa, na hicho ndicho kilichowaleta. Labda hata XMPP inaweza, sijaichimba kiasi hicho. Nitachimba. Na itifaki nimeanza kuiandika leo asubuhi, nimefika kurasa nne na nimegundua kwamba programu ya kompyuta na ya simu hazikubaliani kuhusu saa.

Mambo mawili ambayo sikuyasema juu. Moja, usimbaji fiche tuliutunga wenyewe. Mwenzetu aliuandika mwaka 2017 kwa wiki mbili, ni hodari wa hesabu kweli, na hakuna mwingine aliyewahi kuukagua. Pili, ujumbe wa watu wa miaka yote uko kwenye hifadhidata ya kampuni. Kuna aliyeshauri tuuhamishie kwenye seva ya jumuiya ili watu wasipoteze mazungumzo yao.

mlinzi_wa_zamu

La pili kwanza, maana ni fupi: usihamishe. Watu walimkabidhi kampuni maneno yao, hawakukukabidhi wewe na wageni utakaowapata mwezi ujao. Tengeneza kitufe cha kupakua mazungumzo ya mtu mwenyewe, watangazie mapema na urudie kutangaza, kisha siku ya kuzima hifadhidata ifutwe mbele ya macho yako. Nakala za akiba nazo. Anayetaka kuja kwenye seva mpya ajiandikishe upya kwa hiari yake. Na tafadhali pekua msimbo kuna majaribio gani humo ndani. Nimewahi kukuta mradi ambao "data ya mfano" yake ilikuwa mazungumzo ya kweli ya wafanyakazi, yamebadilishwa majina ya kwanza tu.

Usimbaji fiche. Hapa siwezi kupunguza makali. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa mfumo wenyewe. Adui aweze kuushika mkononi na bado ashindwe, kwa sababu hana ufunguo. Wenu haujawahi kupimwa hivyo. Umelindwa na ukweli kwamba hakuna aliyeuona. Siku utakapopandisha msimbo, atakayeusoma kwanza huenda si yule unayemwombea. Uhodari wa hesabu hautoshi. Watu hodari wamevunjwa na jinsi walivyochagua namba za nasibu, si na hesabu yenyewe.

Kabla ya kufungua, uondoe. Bakiza TLS (usimbaji wa njiani tu) kati ya programu na seva, na uandike kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi za kawaida zisizofichwa chini, kwamba mwenye seva anaweza kusoma ujumbe. Inauma, najua, lakini ni kweli, na mtu ataamua mwenyewe. Baadaye akija anayejua, mtatumia kilichokwisha kupigwa na wengi, kama ule mfumo wa Signal. TextSecure iliyokuja kuwa Signal ilikuwa programu ya kampuni nayo. Twitter waliinunua hiyo kampuni Novemba 2011, na Desemba msimbo ukaachiwa kwa GPL 3. Leo hii kazi hiyo imo hata kwenye programu za ujumbe zisizo huria, kwa sababu watu wa nje waliweza kuisoma, kuipinga na kuirekebisha.

Fungua pia anwani ya siri ya kuripoti matundu ya usalama, watu wawili waisome. Akija mwungwana kama yule wa nywila yangu, awe na mahali pa kugonga hodi bila kupiga kelele sokoni.

Na mzee, kuhusu XMPP uko sahihi nusu. Ningemwacha amalize kuiandika itifaki kwanza. Akishaona kwenye karatasi kile kilicho cha pekee, yaani hiyo foleni, ataamua kama inabeba seva nzima au inaweza kuwa nyongeza juu ya XMPP. Akiamua leo ataamua kwa hasira au kwa huruma.

haraka_haraka

Nimesoma yote. Nafuta neno "kazi imekwisha".

mzee_wa_irc

Marahaba binti. Hilo la saa ndilo litakaloua foleni yako siku ya kuunganisha seva mbili. Amua leo kwamba mpangilio wa ujumbe unatolewa na seva, usitolewe na saa ya simu ya mtu. Simu za watu zina saa za ajabu.

binti_seva

Mrejesho, wakuu. Mzee, mpangilio sasa ni namba inayotoka kwenye seva, na ukurasa wa tano wa itifaki unasema hivyo. Usimbaji wetu nimeutoa. Nilimpigia mwenzetu kumweleza kabla, akacheka, akasema alikuwa anangoja mtu auondoe tangu 2018.

Jana nikafanya lile jaribio la kompyuta tupu. Nilimkalisha mdogo wangu, anajua kidogo kuandika programu, hajawahi kuuona msimbo wetu. Mimi nyuma yake, karatasi mkononi, mdomo nimeufunga kwa kuutafuna mrija wa kalamu. Alikwama mara kumi na moja. Ya kwanza dakika ya sita. Ya tisa ndiyo iliyonimaliza: seva ilitaka faili la mipangilio ambalo halimo kwenye mradi kabisa, kwa sababu kila nikibadilisha kompyuta huwa nalinakili kwa mkono kutoka ile ya zamani. Miaka yote hii!

Alipokuwa akisubiri hifadhidata isimame, akaanza kupekua mwenyewe, akaangukia usiguse_hapa. Nikataka kumzuia, nikakumbuka siruhusiwi kusema. Akafungua historia, akasoma komiti ya siku ile na faili la simu lililobadilishwa pamoja nayo, akakaa kama dakika kumi. Kisha akageuka: "Simu isipopata jibu la seva inatuma tena ule ule, si ndiyo? Hii inashika nakala ya pili na kuitupa." Ndiyo maana nilipoigusa ujumbe ulifika mara mbili.

Ameibadilisha jina, sasa inaitwa tupa_nakala, na juu yake kaandika mistari miwili ya maelezo. Nafasi kaacha mbili mahali ninapoacha nne. Sikugusa. Imeingia jana saa tano usiku kwa jina lake.

Barua ya mwenye kampuni bado, kaniambia nirudi Jumatatu.